Mbwa wa waliokimbia, nani alipe chanjo yake?

Ndugu wasikilizaji wa Baraka na Fizi, na ninyi mliofikia huku kwa kukimbia, leo siongelei vita. Naongelea mbwa.

Watu wakikimbia kijiji, mbwa hubaki. Wengine hufuata njia wenyewe, wanafika mjini bila kujulikana ni wa nani. Watoto wanawaokota, wanawapa mabaki ya ugali na sombe, basi mbwa amepata nyumba. Ni roho nzuri, siwezi kuikemea. Lakini wiki hii mama mmoja aliyepokelewa na familia hapa alinipigia simu: mtoto wake ameumwa mguuni na mbwa wa namna hiyo, naye ameambiwa atafute kwanza pesa ya chanjo. Azitoe wapi, yeye aliyetoka kwake na sufuria moja?

Kichaa cha mbwa hakina mchezo. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. OMS inasema hadi watu 99 kati ya 100 wanaokipata wameambukizwa na mbwa, na kumchanja aliyeumwa hugharimu kwa wastani dola 108. Dola 108! Chanjo ya mbwa ni kipande kidogo tu cha hiyo. Hata kwa hesabu ya sokoni, kungoja mtu aumwe ni hasara.

Kwa maoni yangu, chanjo ya mbwa iwe bure, ilipwe na serikali pamoja na mashirika yanayosaidia waliokimbia. Aliyeokota mbwa asidaiwe karatasi. Kuhasi nako kulipwe, hasa majike, maana kila uzao mpya ni mbwa wasio na chanjo. Ila pesa ikiwa kidogo, chanjo itangulie: mbwa aliyehasiwa bila chanjo bado anaweza kuleta kichaa.

Wako watakaosema wauawe tu, yaishe. Kwingi wamejaribu na haikuisha. Wanaokamatika upesi ni wale wa nyumbani, pengine hata waliokwisha kuchanjwa, na wengine wanaingia nafasi yao. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichanja mbwa kwa wingi, kichaa kikakoma mwaka 2014. Kikarudi 2016. Wakachanja tena, na kufika 2018 kikakoma. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 70 kwa kila 100, tena kurudia. Sisi tuna marele wanaozunguka na megafoni wakati wa polio, wanajua kila avenyu. Tangazo la mbwa litawashinda?

Wakati tunangoja jibu la wakubwa: mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, saa ileile. Usipake pilipili wala dawa ya majani. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata mfuko ukiwa mtupu.