Daraja la Mbao na Ada ya Kuvuka

Msomaji wetu mmoja wa Mbweni, pwani ya Kinondoni, atuuliza: yupo mtu aliyejenga daraja la mbao juu ya mkondo miaka mingi iliyopita, naye humtoza ada kila avukaye. Je, ada hiyo ni halali? Na asiye na kitu afanyeje?

Swali hili si la mtu mmoja. Kila masika, mito ya viungani mwa Dar es Salaam hufurika, na watu hutandika mbao na magogo wakatoza wapitao shilingi 200 au 500. Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Daraja la kale la Nyali, Mombasa, lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, lilikuwa mali ya kampuni, na wapitao walilipa. Daraja jipya lilishika nafasi yake mwaka 1980.

Jawabu letu ni kwamba asili ya ada hii ni halali. Mwenye daraja hauzi maji wala hauzi njia. Akodisha mbao zake na jasho lake, na hiyo ndiyo ijara katika sharia. Basi avukaye kwa kujificha, au asemaye atalipa kesho na moyoni hana nia, amekula haki ya mwenziwe.

Lakini uhalali huo una mipaka. Kwanza, ujira ujulikane kabla ya kuvuka, wala usipandishwe kwa kuwa mto umejaa na jua limekuchwa. Pili, mkondo na kando zake ni vya watu wote. Akiziba kivuko cha asili kwa miiba ili watu walazimike kupita kwake, ada imegeuka dhulma. Tatu, apokeaye ujira amepokea amana. Ubao ukioza naye ajua, kisha akapitisha watoto wa chuoni na mama mjamzito, fedha ile ni ya khiyana, na akianguka mtu, yeye ndiye mwenye kuulizwa.

Nne, asimzuie mwenye dharura asiye na kitu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtaja mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, kuwa ni katika wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Mtoto akirudishwa kwa kukosa shilingi 200, akajitia majini ili awahi kwao, mwenye daraja aogope asije akawa mfano wa mtu huyo.

Je, mambo yaishie hapo? La. Madina palikuwa na kisima cha Ruma, chenye mwenyewe, naye akiuza maji yake. Mtume hakuamuru kinyang'anywe, bali aliwahimiza Masahaba wakinunue. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, na tajiri na maskini wakateka bure. Haki ya mwenye mali ilihifadhiwa, na shida ya watu ikaondoka.

Basi twawanasihi ndugu zetu wa Mbweni waketi na mwenye daraja baada ya sala ya Ijumaa, wakadirie thamani yake kwa uadilifu, wachange, wamlipe, na daraja liwe wakfu. Yeye mwenyewe aweza kubaki mtunzaji kwa mshahara unaojulikana, maana wakfu usio na mtunzaji huharibika upesi. Vijana wasio na fedha watoe nguvu zao. Wala wasiache kuiomba serikali daraja la kudumu, kwa adabu na bila ya kuchoka.

Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na sadaka yenye kuendelea humfuata mtu kaburini mwake. Anayevusha watu leo kwa ajili ya Mola wake, naye ana mahali pa kuvuka kesho.

Wallahu aalam.