Tusingoje umeme utulie

Hapa Likasi, mji wetu wa viwanda nchini Kongo, mwanafunzi wa informatiki akisema anataka kutafiti kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya mitambo, na namna ya kuzijenga zisimwangushe anayezitegemea, wakubwa humjibu kwa huruma: hiyo ni kazi ya Wazungu. Kwetu kila siku ni delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Umeme utulie kwanza, mengine baadaye. Nimelisikia jibu hilo kwa wazazi, kwa mafundi, hata kwa walimu. Nalipinga, maana limeyageuza mambo miguu juu.

Mtazame Hermann Kopetz, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1943, mmoja wa waasisi wa elimu hii. Kabla ya kuwa profesa Berlin mwaka 1978, aliongoza idara ya kompyuta za kuendeshea mitambo katika kampuni ya chuma ya Voest-Alpine, mjini Linz. Ni mazingira ambayo mtu wa viwanda vyetu vya Shituru au Panda angeyatambua mara moja: joto, vumbi, mashine isiyomsubiri mtu. Maswali aliyokwenda nayo chuo kikuu, Berlin na baadaye Vienna, ni maswali ya kiwandani. Jibu lake lilikuwa kuipa kila kompyuta ya mtambo zamu yake ya kusema, iliyopangwa kabla, kwa saa inayokubaliwa na zote. Zamu ikifika na mmoja akanyamaza, wenzake wanajua papo hapo kwamba ameharibika, na pacha wake anaendelea na kazi. Wazo hilo leo limo ndani ya ndege. Lakini angalia linapoanzia: linachukulia tangu mwanzo kwamba kifaa kitakufa kazini.

Algirdas Avižienis naye, huko California katika miaka ya 1960, alibuni kompyuta inayojikagua na kujibadilishia sehemu mbovu, kwa ajili ya vyombo vya angani vitakavyosafiri miaka mingi bila fundi kuvifikia. Sasa fikiria kituo cha afya cha kijijini, barabara imekatwa na mvua. Fundi atafika lini?

Chukua mashine ya kutunzia watoto njiti. Umeme wetu haukatiki kwa heshima. Unashuka, unapanda, unashuka tena, ndipo unazimika. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde chipu haijalala wala haiko macho, na inaweza kuandika upuuzi pale lilipohifadhiwa joto lililowekwa na muuguzi. Umeme ukirudi, mashine iliyojengwa vibaya inaisoma namba hiyo na kuiamini. Iliyojengwa vizuri huisimamisha chipu mara volti zinaposhuka chini ya kiwango, huweka namba ile katika nakala mbili, na nakala zikipingana hupiga kengele kumwita muuguzi badala ya kubahatisha. Tofauti ya mashine hizo mbili ni utafiti, na anayeuhitaji kuliko wote ni mtoto aliyelala mahali ambapo umeme ni mbovu.

Wala umeme ukitulia hautatuokoa. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, ikaua watu 157, haikukosa umeme. Programu yake iliachiwa iamini kipimo kimoja tu cha pembe ya ndege dhidi ya upepo, na kipimo hicho kikadanganya.

Wapo pia wanaosema hatuna fedha za utafiti huu. Hoja hiyo naikubali nusu. Hatutatengeneza chipu Likasi. Ila mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ya kujifunzia si ghali, na kitu kinachosumbua maabara za Ulaya, yaani umeme mchafu wa kujaribia, ambao wao hununua mashine maalumu ili kuuiga, sisi tunao kwenye soketi ya ukutani. Mwanafunzi akirekodi volti za mtaa wake mwaka mzima, mvua na kiangazi, kisha akaonyesha ni mishuko ipi inayoziangusha chipu na ipi ambayo zinaistahimili, atakuwa na data ambayo mtafiti wa Vienna hawezi kuipata kwake.

Badala yake tunampa, kama kazi ya kumaliza masomo, programu nyingine ya kusimamia mishahara ya kampuni, mfano wa zile zilizokwisha kujaa vumbi kwenye rafu za maktaba. Walimu wa informatiki wanaweza kulibadilisha hilo mwaka huu huu, wanapoidhinisha mada.