Usikubali woga wa hesabu ukuchagulie maisha

Kuna sentensi moja ambayo kijana wa Kenya anaweza kuitamka mbele ya watu bila aibu yoyote: "Mimi hesabu hainipandi." Hebu jaribu kusema "mimi kusoma sijui" uone utakavyotazamwa. Lakini ukisema hesabu imekushinda, watu watacheka, mmoja ataitikia "hata mimi", na stori zitaendelea.

Sisi tunasema hapa pasichekewe. Mwaka 2025 kundi la kwanza la CBC lilifanya mtihani wa KJSEA na kuchagua mikondo ya kufuata katika sekondari pevu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ni uchaguzi mkubwa kwa mtoto wa miaka 14 au 15. Swali ni je, aliyechagua ni yeye au ni woga wake?

Mapema mwaka huo, serikali ilikuwa imetangaza kwamba hisabati haingekuwa lazima katika sekondari pevu. Kukawa na kelele, na mwezi Aprili Waziri Julius Ogamba akarudi na kusema kila mwanafunzi ataisoma. Wa STEM wasome hisabati pana, wengine wasome ile ya matumizi ya kila siku. Kwa hivyo wewe uliyedhani umetoroka, hujatoroka. Na kwa wenzetu wa 8-4-4 waliobaki, hisabati ni mojawapo ya masomo mawili ambayo lazima yahesabiwe katika gredi ya KCSE, pamoja na lugha moja.

Woga wa hesabu si uvivu, na haimaanishi kwamba mtu ni mjinga. Ni kitu ambacho watafiti wamekipima tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk wa Marekani walionyesha jinsi kinavyofanya kazi. Ukipiga hesabu, akili inashika namba kadhaa kwa wakati mmoja: hii umeibeba, ile unaitoa. Sehemu hiyo ya akili ni ndogo. Hofu ikiingia ("nitaanguka, watanicheka, muda unaisha") inakaa hapo hapo, na namba zinakosa nafasi. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya swali nyumbani vizuri kabisa, halafu kwenye chumba cha mtihani likamtoka. Anapata alama mbaya, woga unaongezeka, anaacha kufanya mazoezi, na mtihani unaofuata unakuwa mbaya zaidi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Utafiti wa PISA wa 2012 ulipata kwamba katika nchi za OECD, karibu wanafunzi 6 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 huwa na wasiwasi kwamba somo la hesabu litawawia gumu. Ila huku kwetu woga huo tuliulea kwa kiboko. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini muulize aliyesoma baada ya hapo alichapwa kwa somo gani zaidi. Wengi watakujibu haraka. Mtoto anayechapwa kwa kila swali alilokosa hajifunzi hesabu, anajifunza kuiogopa.

Sasa twende Junju, Kilifi Kusini. Jina la Junju limeandikwa katika majarida ya sayansi ya dunia nzima. Kwa miaka mingi, watafiti wa KEMRI-Wellcome walioko Kilifi wamefuatilia watoto wa huko katika utafiti wa malaria, ukiwemo ule wa chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Na utafiti kama huo ni nini, kama si hesabu? Watoto wangapi wameugua, wangapi hawakuugua, tofauti ni asilimia ngapi, na je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati tu. Mtoto wa Junju amekuwa namba kwenye jedwali. Tunataka pia awe yule anayelisoma jedwali na kuuliza maswali. Hawezi kufika hapo ikiwa alifunga daftari darasa la 6 kwa kuogopa sehemu.

Na msituambie watoto wa huko hawana kichwa cha hesabu. Anayeuza makuti anajua bei ya mia na ya mia tatu bila kalamu. Kijana wa boda anagawanya mafuta, mkopo na faida akiwa juu ya pikipiki. Wazee wanacheza bao wakihesabu kete kwa mizunguko kadhaa mbele. Kinachowashinda wengi ni jinsi hesabu inavyoletwa darasani.

Kuna watakaosema shida ni walimu wachache na madarasa yaliyojaa. Ni kweli, na serikali isitafute kisingizio katika woga ili ikwepe kuajiri. Lakini mwalimu mmoja aliyepo anaweza kupunguza hofu au kuizidisha. Utafiti wa Sian Beilock na wenzake wa 2010 uligundua kwamba wasichana waliofundishwa na walimu wa kike waliokuwa wakiogopa hesabu walielekea zaidi, kufikia mwisho wa mwaka, kuamini kwamba hesabu ni ya wavulana, na alama zao zikashuka. Kwa upande mwingine tunaye Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kijijini kaunti ya Nakuru. Yeye na wenzake waliwafundisha wanafunzi mmoja mmoja nje ya saa za darasa, na mwaka 2019 akashinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani.

Kwa hivyo, mwalimu, acha kusoma alama kwa sauti kuanzia wa mwisho. Muulize mtoto "umefikaje hapo?" kabla ya kumwambia amekosa. Mzazi, acha kusema "hata mimi nilikuwa hivyo, ni damu."

Nawe kijana, rudi pale ulipopotea. Kama ni sehemu za darasa la 5, rudi darasa la 5, hakuna anayekutazama. Fanya mazoezi na mwenzako asiyecheka. Na kabla ya mtihani, chukua dakika 10 uandike kwenye karatasi yote unayoyaogopa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi waliofanya hivyo walipata alama bora kuliko wenzao.

Si lazima sote tuwe mainjinia. Ukipenda muziki, historia au soka, nenda huko kwa moyo mmoja. Lakini nenda kwa sababu unapapenda, si kwa sababu unakimbia.