Porojo Ukurasa wa Mbele, Msiba Ukurasa wa Nyuma

Muuza mchele anayepunja kibaba huitwa mwizi, na watu hulihama duka lake. Lakini mwenye gazeti anayepunja khabari, akampimia msomaji pumba kwa bei ya mchele, husifiwa kwa uhodari, na gazeti lake likazidi kununuliwa. Juu ya dhulma hii, ndugu wanachama, tunataka kusema leo pasi na kuficha neno. Vyombo vya khabari vya ulimwengu, na vya kwetu pamoja navyo, vimefanya ada kutanguliza porojo za wakubwa wa siasa na kuyatupa nyuma mambo mazito yanayohusu uhai na mauti ya mataifa. Atakayetaka ushahidi tutamletea wa mwaka mmoja tu, 1998, nao unamtosha mwenye macho.

Tarehe 21 Januari mwaka huo Papa Yohane Paulo wa Pili aliwasili Havana. Kabla yake hapana Papa aliyepata kukanyaga ardhi ya Cuba. Kisiwa kile kilikuwa kimewekewa na Marekani vikwazo vya biashara kwa miaka zaidi ya thelathini na mitano, na Papa hakuondoka bila ya kuvilaumu vikwazo hivyo hadharani. Watangazaji wakuu wa televisheni kubwa za Marekani walikuwa wamekwisha kufika Havana, tayari kuwaonyesha watu wao jirani waliyemfungia mlango muda wote huo. Siku ile ile ikachomoza Washington khabari ya Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky, mwanamke kijana aliyekuwa amefanya kazi Ikulu. Basi watangazaji wale wakafunga mizigo, wakarudi mbio. Papa akabaki na Wacuba. Ulimwengu ukapelekwa chumbani kwa Rais.

Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya Afrika. Mwezi wa Machi Rais yule alianza safari ya nchi sita: Ghana, Uganda, Rwanda, Afrika Kusini, Botswana na Senegal. Tarehe 25 Machi, katika uwanja wa ndege wa Kigali, aliwasikiliza watu walionusurika na mauaji ya 1994, kisha akakiri kwamba ulimwengu ulichelewa kuchukua hatua. Kukiri huko kwa mkuu wa dola yenye nguvu kuliko zote kulistahili kujadiliwa mwaka mzima. Nani alichelewesha? Kwa amri ya nani? Na ikitokea tena, nani atazuia? Lakini tarehe 1 Aprili, Rais akiwa Dakar, hakimu mmoja wa Marekani aliifuta kesi aliyoshitakiwa na mwanamke mwengine, Paula Jones. Na picha iliyozunguka ulimwengu kutoka safari ile ikawa ya Rais dirishani mwa hoteli, akivuta biri na kupiga ngoma.

Mwezi wa Agosti ndio uliodhihirisha kila kitu. Tarehe 2 vita vipya vilizuka mashariki ya Kongo. Katika muda mfupi Rwanda na Uganda zilikuwa upande wa waasi, na Angola, Zimbabwe na Namibia upande wa Serikali ya Laurent Kabila; raia wakawa wanavuka Ziwa Tanganyika kukimbilia Kigoma. Tarehe 7 mabomu yaliripuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Wakafa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na walio wengi walikuwa watu wa nchi hizi zetu, waliotoka asubuhi kwenda kutafuta riziki. Tarehe 17 Urusi iliishusha thamani sarafu yake na kusimamisha malipo ya madeni, mabenki ya ulimwengu yakatikisika. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 17 Rais Clinton alihojiwa na baraza la wazee wa mahakama juu ya mwanamke yule, na usiku akalihutubia taifa lake. Katika mambo haya manne, ewe msomaji, wewe ungelitanguliza lipi? Lililotawala vyombo vya khabari vya Marekani mwaka ule, tangu mwanzo hadi mwisho, ni lile la nne.

Hata vita vyenyewe vilitazamwa kwa miwani ya kisa hicho. Tarehe 20 Agosti makombora ya Marekani yalipiga Afghanistan, na pia kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Marekani ilidai kwamba kiwanda kile kilihusika na silaha za sumu. Ushahidi wa dai hilo ulikuja kutiliwa shaka kubwa, hata na watu wa Marekani yenyewe. Sudan ni nchi maskini, na kiwanda kile kilitengeneza dawa za watu wake na za mifugo yao. Lakini siku ile ile Waziri wa Ulinzi William Cohen aliulizwa na waandishi khabari ya sinema moja, ambayo ndani yake vita vya kubuni huzushwa ili watu waisahau fedheha ya Rais. Suali lenyewe si baya. Baya ni kwamba kombora lililoanguka katika mji wa Kiafrika liligeuzwa kuwa sura moja tu ya kisa cha Ikulu ya watu wengine.

Je, kisa kile kilimalizika vipi? Tarehe 19 Desemba 1998 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilimshitaki Rais. Tarehe 12 Februari 1999 Baraza la Seneti likamwachia. Januari 2001 akamaliza muhula wake akaenda zake. Na vita vya Kongo? Kwa jina vilimalizika 2003, kwa vitendo vikaendelea. Kamati ya Kimataifa ya Uokozi, IRC, ilikadiria kwamba baina ya Agosti 1998 na Aprili 2007 watu milioni 5.4 walikufa ambao wasingelikufa lau nchi ingelikuwa katika hali yake ya kawaida, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wako wataalamu walioipinga hesabu hiyo wakasema ni kubwa mno. Tafakari basi, ndugu yangu: maiti wa Kongo mpaka leo hawajahesabiwa sawasawa, ilhali kisa cha Ikulu kiliandikwa neno kwa neno, na tarehe 11 Septemba 1998 kikawekwa katika intaneti ili ulimwengu mzima ukisome.

Atasimama mtu aseme: Rais alikula kiapo kisha akasema uongo, je, na hilo ni dogo? La, si dogo. Mtawala anayedanganya chini ya kiapo anastahili kuulizwa, na sisi wa upinzani tutakuwa watu wa mwisho kumtetea. Tunachokilalamikia ni kipimo. Uongo wa kiapo ulistahili kurasa zake. Haukustahili kupewa na kurasa za Kongo.

Sababu za maradhi haya hazikufichika. Kumpeleka mwandishi Goma kunataka ndege, gari, mkalimani na moyo wa ushujaa. Kumweka mwandishi nje ya lango la Ikulu kunataka mwavuli. Baada ya kumalizika vita baridi, televisheni kubwa za Marekani zilifunga ofisi zao nyingi za nchi za nje kwa kubana matumizi, na wakati huo huo zikazuka stesheni za khabari za saa 24, ambazo tumbo lao halijui kushiba. Kisa cha watu wawili hakihitaji ramani wala historia. Husimuliwa usiku huu na kubakishwa kiporo cha kesho, kama zile hadithi za Alfu Lela Ulela. Vita vya Kongo vinamtaka msomaji ajue mpaka uko wapi, madini yanachimbwa wapi, na jeshi gani linalipwa na nani. Mwenye gazeti akaona: kwa nini nimchoshe mteja wangu?

Lakini asiyechoshwa kwa khabari hatimaye huchoshwa kwa msiba. Wanaonunua madini na wanaouza silaha hawana rafiki bora kuliko gazeti linaloandika mambo mengine. Waziri ambaye hakuulizwa hana haja ya kujibu, na raia ambaye hakuambiwa hawezi kuuliza. Hivyo ndivyo ukimya unavyoua, bila ya mtu yeyote kuutoa amri.

Sasa mwanachama wa Pemba, au wa shamba kwetu Unguja, atasema: mimi na mikarafuu yangu, dunia yanihusu nini? Tumjibu kwa mikarafuu hiyo hiyo. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, aliyeitaka karafuu kwa sigara zake za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe kwa wingi, na katika miaka ya 1980 bei ya ulimwengu ikaporomoka. Mkulima wetu alilala tajiri akaamka fakiri, na jambo lililomfukarisha lilikuwa likiota mbele ya macho ya ulimwengu kwa miaka, kwani mkarafuu hauzai kwa siku moja. Au tumjibu kwa mchele. Tarehe 20 Julai 2023 Serikali ya India ilipiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Septemba 2024. Visiwa hivi hula mchele mwingi unaovuka bahari. Amri inayotiwa saini Delhi huingia katika vyungu vyetu upesi kuliko hotuba yoyote inayotolewa Chukwani.

Wazee wetu walilijua hili. Katika miaka ya 1950 redio zilikuwa chache, na wengi hawakupata skuli. Hata hivyo, barazani palizungumzwa mkutano wa Bandung wa 1955, vita vya Suez vya 1956, uhuru wa Ghana wa 1957 na damu iliyokuwa ikimwagika Algeria. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni. Watu wale waliokuwa chini ya bendera ya mgeni walifahamu kwamba kinachomfika Mmisri na Mualjeria kina khabari zao ndani yake. Leo kila kijana ana simu mfukoni inayoweza kumpa khabari za dunia nzima, naye anaitumia kujua mheshimiwa fulani kamwambia nini mheshimiwa mwenziwe.

Na sisi wa chama hiki? Nyani haoni kundule, lakini leo tujilazimishe kugeuka. Karatasi yetu hii hii imepata kujaza safu nzima kwa ugomvi wa nani aliketi kiti cha mbele mkutanoni na nani hakuitwa jukwaani. Waziri akiteleza ulimi, tunacheka wiki mbili. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023 vikawatoa mamilioni makwao, tuliandika mistari mingapi? Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, Goma ile ile, sisi siku hizo tulikuwa tukiandika nini? Kila mmoja wetu anajua jibu, na jibu lenyewe ni la aibu.

Wako wenzetu watakaoona kwamba tunataka kuwapumzisha watawala. Hasha! Mkubwa akila fedha za karafuu au akiuza ufukwe wa watu, hiyo si porojo, na iandikwe kwa herufi kubwa kabisa. Kipimo chetu kiwe suali moja: khabari hii ikitoweka kesho, kuna mtu atakayekosa chakula, haki au uhai kwa kutoijua? Ikiwa yuko, iwekwe mbele, iwe imetoka Micheweni au imetoka Khartoum. Ikiwa hayuko, iachiwe barza ya kahawa, huko ndiko kwao.

Kwa hivyo tunatoa shauri, nalo lipelekwe katika matawi lijadiliwe. Kwanza, ukurasa mmoja wa kila toleo la karatasi hii uwe wa mambo ya ulimwengu, na asiwepo kiongozi, hata awe mkubwa vipi, mwenye ruhusa ya kuuchukua kwa picha yake au hotuba yake. Pili, kila tawi lichague mtu mmoja wa kusoma na kueleza khabari hizo kabla ya mkutano kufunguliwa, ramani ikiwa ukutani. Tatu, ndugu zetu walioko Oman, Ghuba, Uingereza na Kanada watuandikie yale wanayoyaona huko kwa macho yao, badala ya kutuuliza kila wiki nani kagombana na nani ndani ya chama.

Chama cha upinzani ni watu wanaoomba kukabidhiwa chombo. Anayeomba unahodha akajua ugomvi wote wa mabaharia, asijue pepo zinavuma kutoka wapi, wenye akili hawampi usukani, na wakimpa watazama naye. Ukurasa wa kwanza wa ulimwengu uanze na toleo lijalo, na uanze na Kongo, tuliyoinyamazia kwa muda mrefu.

Wabillahi taufiki.