Maji Yametoka, Moyo Je?

Kumtoa mgonjwa maji si kumtibu moyo. Wodini mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Mtu analetwa usiku anahema, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Anachomwa furosemaidi, anakojoa, asubuhi anaongea. Siku ya tano miguu imenywea, ndugu wanashukuru, kitanda kina mwingine anayekisubiri. Anaruhusiwa na vidonge vya kukojoa na karatasi: kliniki baada ya mwezi.

Mama yangu alitoka hivyo. Siku ya 19 tulimrudisha, amevimba kuliko mwanzo. Nikaambiwa ugonjwa wake ni mbaya. Kweli ni mbaya, lakini dawa zinazorefusha maisha ya mwenye moyo dhaifu kama wake, yaani enalaprili, kavediloli na spironolaktoni, zilikuwa zimewekwa kiporo hadi kliniki.

Ushahidi upo. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa STRONG-HF: wagonjwa 1,078 katika nchi 14, Msumbiji na Nigeria zikiwemo. Kundi moja lilianza dawa za makundi hayo matatu kabla ya kutoka hospitali, zikapandishwa kuelekea kipimo kamili ndani ya wiki mbili, huku wakiitwa kupimwa mara kwa mara. Kundi jingine lilipata huduma ya kawaida. Ndani ya siku 180, waliokufa au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 15.2, kwenye huduma ya kawaida, 23.3. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa kuwa tofauti ilizidi matarajio.

Najua nitakavyojibiwa: presha itashuka, figo zitaumia, potasiamu itapanda. Basi vipimwe! Ndiyo maana dawa zianzie wodini, penye maabara na muuguzi, si kijijini ambako nauli ya kliniki hupatikana kwa kuuza kuku. Ni kweli, mwenye presha ya chini mno, au ambaye bado amejaa maji, haanzishiwi kavediloli. Hiyo ni sababu ya kuchagua kwa makini, wala si ya kuacha kuchagua.

Wewe unayemuuguza mzazi, usiishie kuuliza, “Anatoka lini?” Uliza, “Daktari, anatoka na dawa gani za moyo, na nani atampima wiki ijayo?” Ukijibiwa “kliniki wataangalia,” uliza tena.