Swali la Masara lisizikwe shimoni

Hivi majuzi nilipata fursa ya kuketi nyuma ya darasa la kidato cha pili katika shule moja ya Masara, kaunti ya Migori. Nia yangu ilikuwa kusikiliza jinsi vijana wanavyokitumia Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili. Somo lilikuwa fizikia. Binti mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa shimo jeusi hukua kwa kula, yale makubwa ya mwanzo yalikula lini, na ulimwengu ulikuwa bado mchanga?" Mwalimu akamtaka aulize kwa Kiingereza. Binti akatafuta maneno kwa muda, akayakosa, akaketi.

Sina nia ya kumlaumu mwalimu yule. Alifuata desturi aliyoikuta. Hata hivyo, yafaa wasomaji waelewe ni swali gani lililozimwa siku hiyo, kwa maana ndilo hilo hilo linalowakosesha usingizi wanafalaki wa dunia nzima.

Tuanze na jina lenyewe. Masara ni nchi ya dhahabu, na mtoto wa huko halihitaji kamusi neno "shimo". Shimo ni mahali ambapo kaka yake huteremka alfajiri kwa kamba, na ambapo siku nyingine udongo huporomoka asipande tena. Istilahi ya "shimo jeusi", iliyoenezwa na Mmarekani John Wheeler kuanzia mwaka 1967, yaweza basi kumpotosha kidogo. Shimo jeusi si uwazi uliochimbwa. Ni maada nyingi mno iliyobanwa mahali padogo mno, hata nguvu yake ya mvutano isiruhusu chochote kitoke, hata nuru. Lakini katika jambo moja mtoto wa Masara hakukosea: kinachotumbukia humo hakirudi.

Mashimo haya yako ya namna mbili kuu. Yapo madogo, yanayozaliwa nyota kubwa inapokufa na kujiporomokea. Yapo pia majitu yanayokaa katikati ya galaksi. Lile la galaksi yetu lina tungamo la takriban jua milioni 4. Picha yake ilitolewa mwaka 2022. Lile la galaksi ya M87, lililopigwa picha ya kwanza ya aina yake na kutangazwa Aprili 2019, lina tungamo la jua bilioni 6.5 hivi.

Hapa ndipo swali la binti linapokuwa na makali. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wanafalaki nao walidhani majitu haya yalijazwa vivyo hivyo, haba kwa haba, kwa muda mrefu. Lakini mwaka 2021 ilitangazwa habari ya shimo lenye tungamo la jua bilioni 1.6, ambalo tunaliona jinsi lilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 670 tu. Leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Shimo haliwezi kula kwa pupa ipitayo kiasi, kwa sababu chakula kinachozunguka kabla ya kumezwa hupata joto na kutoa nuru kali, na nuru hiyo hukisukuma nyuma chakula kingine. Kwa kasi hiyo ya kawaida, shimo huhitaji miaka isiyopungua milioni 30 hivi ili lijizidishe maradufu. Tukianza na mbegu ya jua 100, iliyoachwa na nyota ya kwanza kufa, itabidi ijizidishe mara 24 ili ifike bilioni 1.6. Hiyo ni miaka milioni 720, bila kupumzika hata siku moja. Umri wote wa ulimwengu wakati huo haukutosha. Kibaba kilijaa kabla ya haba kumalizika kumiminwa.

Wataalamu wanatoa majibu kadhaa. Baadhi wanasema mbegu zilikuwa ndogo, ila zilipata vipindi vya kula kupita kiasi. Wengine wanasema mawingu makubwa ya gesi yaliporomoka moja kwa moja, yakazaa mbegu ya jua 10,000 hadi 100,000. Mbegu ya jua 100,000 yahitaji kujizidisha mara 14 tu, yaani miaka milioni 420, na hesabu inakubali. Jibu hili la pili lilipata nguvu mwaka 2023, ilipotangazwa habari ya galaksi ya UHZ1, inayoonekana ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 470 hivi. Shimo lake lakadiriwa kukaribiana kwa tungamo na nyota zake zote pamoja, ilhali katika galaksi za karibu nasi shimo huwa takriban sehemu moja tu kwa elfu. Hata hivyo, mjadala haujafungwa.

Iwapo yupo atakayesema kwamba mambo haya ni ya wageni, na akumbuke tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, la kwanza kukubaliwa na wengi. Neno la Kiswahili limo katika historia ya elimu hii tangu msingi wake, nasi tunamkataza mtoto kuiuliza kwa Kiswahili!

Sisemi Kiingereza kiachwe. Mtihani unakihitaji, na vitabu vingi vimo humo. Ninalosema ni kwamba fikra huzaliwa katika lugha ambayo mtu hahitaji kuitafuta. Mwalimu angeweza kulipokea swali kwa Kiswahili, au hata kwa Kidholuo, akalijibu, kisha akawasaidia wanafunzi kuliandika kwa Kiingereza. Dakika kumi zingetosha. Na kama hakuwa na jibu, angesema: "Sijui, tutafute pamoja." Katika suala hili, hata mabingwa husema hivyo.

Masara ina mashimo ya kutosha yanayomeza vijana. Darasa lisiwe mojawapo. Walimu wenzangu, binti yule akiinua mkono tena, na tumsikilize kwanza, lugha tutaisahihisha baadaye.