Lugha Isiyosomwa Hupotea Bila Habari



Wapo katika mitaa yetu vijana waliokwenda Uchina kwa ufadhili wa masomo, wakarejea na shahada pamoja na lugha. Shahada imetundikwa ukutani. Lugha je, iko wapi? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na Kichina ni katika mali za namna hiyo.

Sababu imo katika maandishi yake. Kichina hakina alfabeti ya kumkumbusha msomaji matamshi ya neno alilolisahau. Orodha rasmi ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zitumikazo sana. Isitoshe, maneno huandikwa bila nafasi baina yake, na ni jicho la msomaji litenganishalo. Jicho lisipozoezwa hushika kutu.

Vitabu vya mitihani havimrudishi mtu aliyekwisha kufaulu. Hadithi humrudisha, kwa kuwa anataka kujua mwisho wake. Humo neno moja humjia mara ishirini, kila mara katika kinywa kingine, hata likatulia lenyewe moyoni. Herufi za bahari, ziwa na mto zote zina matone matatu ya maji ubavuni kwa kushoto. Mwenye kuzikuta katika kisa cha safari hahitaji kuzikariri tena.

Asome nini basi? Aliyesahau mengi aanze na hadithi zilizotungwa makusudi kwa herufi 300 hivi. Akipata nguvu, achukue Huozhe ya Yu Hua, mwandishi aliyekuwa tabibu wa meno. Humo mkulima mzee anasimulia maisha yake kwa maneno mepesi. Kisha ajaribu Musilin de Zangli, riwaya nene ya mwaka 1988 ya Bi Huo Da, Mwislamu wa kabila la Wahui, juu ya familia ya mafundi wa vito mjini Beijing. Humo atakuta salamu yetu ya kila siku imeandikwa kwa herufi za Kichina, na mambo ya harusi na maziko ambayo ameyajua tangu utotoni. Mambo anayoyajua yatamfumbulia maneno asiyoyajua.

Kurasa mbili kila usiku zatosha. Kamusi isifunguliwe ila pale neno linapoziba maana ya kisa chenyewe. Na kitabu kisichopendeza kiwekwe kando bila ya haya, kitafutwe kingine.

Nanyi wazazi, mkimwona kijana ameinamia riwaya ya Kichina baada ya isha, msimwambie kuwa anapoteza wakati. Miaka aliyoitumia ugenini, na machozi mliyomsindikizia, vyote vimo katika lugha ile. Mwacheni asome.